Kitanda Kilicho Ndani ya Ukuta

Siku ukuta ulipobomolewa, waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Meneja, aliyeikodi hoteli ya kona na kuahidi kuifungua tena kabla ya mvua. Alikuwapo Afisa wa Majengo ya Kale, aliyevaa kofia ngumu hata mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumwangukia. Alikuwapo Fundi Chokaa, ambaye kazi ilikuwa imemla mikono mpaka alama za vidole zikafutika. Alikuwapo Bi Mkunjo, msimamizi wa vyumba, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyokunja pembe za shuka. Na alikuwapo binti wa marehemu kaka yake, ambaye Bi Mkunjo alimlea tangu anatambaa, na ambaye hotelini walimwita Kasi kwa kuwa hakuna aliyetandika kitanda upesi kama yeye. Mzee Cherehani, fundi nguo wa jengo la jirani, hakuwapo. Aliitwa, akasema ana suruali ya mtu ya kumaliza.

Watu wengi husema hoteli na jengo la jirani. Kwa usahihi, lilikuwa jengo moja lenye mapaa mawili. Mtu aliyelijenga, ambaye wazee walimwita Mwenye Kona, alikaa upande mwembamba na wageni wake wakakaa upande mpana, ule unaozunguka kona kwa baraza ya mbao. Baadaye pande hizo ziliuzwa kwa watu tofauti, ngazi zikatenganishwa, na kila upande ukapata rangi yake. Serikali ilipoliweka jengo katika orodha ya majengo yasiyoguswa, ilibandika kibao cha shaba mlangoni na sharti moja: kila alichojenga mwenyewe wa kwanza kirudishwe, na kila kilichoongezwa baadaye kiondolewe.

Mchoro wa asili ulionyesha chumba kimoja zaidi, mwisho wa ujia wa ghorofani. Ukifika hapo ulikuta ukuta. Ukipanda kwa upande wa Mzee Cherehani, ulikuta ukuta pia. Chumba kilikuwa katikati, hakina mwenyewe.

Fundi Chokaa alipiga nyundo mara chache, kisha akasimama na kunusa kipande alichokibandua.

"Bosi, chokaa hii bado mbichi."

"Mbichi vipi?" Meneja akauliza. "Ukuta huu ulikuwapo babu yako hajaoa."

"Ndiyo nakwambia. Shika mwenyewe."

Meneja alishika, akajifuta mkono kwenye suruali. "Basi fundi wa zamani alikuwa mvivu kama wewe. Kazi yake haijakauka mpaka leo."

Wakacheka. Ukuta ulipoanguka na vumbi kutulia, waliona chumba kidogo kisicho na dirisha, na ndani yake kitanda cha chuma kilichotandikwa. Sakafu ilikuwa na vumbi la kufunika vidole vya mguu. Juu ya kitanda hapakuwa na hata chembe.

Bi Mkunjo aliinama kuzitazama pembe. Zilikuwa zimekunjwa kama alivyozikunja yeye, kwa mkono uliojua kazi. Lakini shuka lilikuwa limepitishwa juu ya mto na kuchomekwa kichwani pia, kama lilivyochomekwa miguuni na ubavuni. Lilikaza pande zote nne.

"Hakuna mtu anayetandika hivi," alisema polepole. "Kitanda cha namna hii mgeni ataingiaje?"

"Wala hatatoka," alisema Fundi Chokaa, na safari hii alicheka peke yake.

Afisa alipiga picha, akaamuru kisiguswe kitu. Chumba kingekuwa cha maonyesho, watu waje kuona walivyolala wa zamani.

Amri hiyo Kasi aliisikia. Lakini siku chache kabla ya ufunguzi, Meneja alipita akilalamika kwamba ghorofani kunanuka uzee, na Bi Mkunjo alikuwa ameshuka kwa madobi. Kasi akasimama mlangoni pa chumba kile. Shuka lilikuwa limegeuka manjano kama jino la mvuta sigara. Watandika vitanda ni watu ambao wakiona kitanda kibaya hawawezi kupita, mikono huwawasha. Akalivuta. Lilikuwa limebana mno, ikabidi aweke goti kwenye chuma. Lilipoachia, lilitoa sauti kama ya mtu aliyeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo kwa muda mrefu. Akalichana, akawapa wapaka rangi wafutie brashi, kisha akatandika mashuka meupe na, kama alivyofundishwa, akakunja upande mmoja kwa nyuma, ishara ya kumwambia mgeni kwamba kitanda ni chake.

"Nani kakutuma?" Bi Mkunjo aliuliza aliporudi.

"Shangazi, wewe ungeacha tambara lile kwenye hoteli ya wageni?"

Bi Mkunjo akainama kuzikagua pembe. Hivyo ndivyo alivyomfundisha.

Kesho yake kitanda kilikuwa kimelaliwa. Mto ulikuwa na shimo la kichwa, na shuka lilikuwa limesukumwa miguuni.

"Fundi!" Kasi aliita. "Umepata hoteli ya bure, siyo?"

"Mimi? Nilale humo? Dada yangu, mimi nalala na mke wangu, na huko kwenyewe nasukumwa ukutani."

Kasi akatandika upya. Desturi ya hoteli ile ilikuwa kwamba kitanda kilicholaliwa hakifiki mchana bila kutandikwa. Siku iliyofuata akakikuta vilevile, na iliyofuata tena, na kila siku alitandika, na hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa ilikuwa kazi na kazi ile aliizoea. Ubaya ulioonekana kwanza ni harufu. Ghorofani palianza kunuka chokaa iliyolowa, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kitambaa kilichopigwa pasi ya moto na kuachwa kikaanza kuungua. Kisha ikaja sauti. Adhuhuri, wakati vyumba vimekwisha kutandikwa na wafanyakazi wanakula chini, ilisikika juu sauti ya shuka likikung'utwa, pah, kama mtu anavyolirusha hewani ili lishuke sawa. Walihesabiana kwa macho pale mezani. Wote walikuwapo.

"Upepo," alisema Meneja.

"Kwenye chumba kisicho na dirisha," alijibu Bi Mkunjo, akaendelea kula bila kuinua uso.

Kasi alianza kupungua. Aliyekuwa akitandika ghorofa nzima huku anaimba sasa alisimama katikati ya chumba ameshika foronya, hajui ni ya mto upi. Mikono yake ilinuka chokaa hata akioga. Siku moja Bi Mkunjo alimkuta ujiani ameinamisha kichwa, akisema kwa sauti ndogo ya adabu, "Ndiyo, bwana. Nimekuelewa, bwana." Mbele yake hapakuwa na mtu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni, Shangazi," alisema, kama aliyeulizwa jambo la wazi. "Anasema natandika vizuri. Anasema siku moja atanitandikia na mimi."

Walikaa, shangazi na binti, katika vyumba viwili vya uani nyuma ya hoteli. Kasi alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka Bi Mkunjo amchomeke shuka chini ya godoro pande zote, na kila akimaliza, sauti ndogo ilisema, "Nikaze zaidi, Shangazi." Bi Mkunjo alikuwa akicheka na kumwambia atamkaza mpaka awe chapati. Alilikumbuka jambo hilo alasiri aliyorudi kutoka zahanati, alikokwenda kumwombea binti dawa ya uchovu, akasukuma mlango wa chumba cha Kasi na kuona kitanda kimetandikwa.

Kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko alivyowahi kuona kitanda chochote, shuka limenyooka kama ngozi ya ngoma, pembe nne zimekunjwa kwa kipimo kimoja, limechomekwa miguuni na ubavuni na kichwani, na alikuwa karibu kugeuka aende kumtafuta binti uani alipoona kwamba katikati ya ule weupe palikuwa na mwinuko, mwembamba, mrefu kama mtu, na kwamba pale penye uso kitambaa kilikuwa kikiingia ndani kidogo na kutoka, kikiingia na kutoka, kila mara kwa udhaifu zaidi, na alipolirukia shuka na kulivuta halikuvutika, akavuta kwa mikono miwili na mguu ukutani halikuvutika, akapiga kelele mpaka Fundi Chokaa akaja mbio na kisu chake cha kazi, akalipasua kutoka kichwani hadi kifuani, na uso wa Kasi ukatokea, wa bluu, macho wazi.

Alipumua. Alipoweza kusema alisema, "Hakumaliza. Kasema atarudi kumalizia."

Usiku ule hawakulala. Asubuhi Bi Mkunjo alivuka kwenda jengo la jirani.

Mzee Cherehani alikuwa ameketi nyuma ya mashine yake. Hakumuuliza shida yake.

"Suruali niliyosema nashona siku ile," alisema, "sikuishona. Nilikaa nimeshika mkasi tu."

"Unajua nini, mzee wangu?"

"Najua alichotuambia bibi yangu. Alikuwa mtandika vitanda hapo kwenu. Mimi nilidhani ni maneno ya kutulaza mapema." Akalainisha kitambaa kilichokuwa tayari laini. "Mwenye Kona alipochimba msingi, walichochimba mchana walikikuta asubuhi kimefukiwa. Akaambiwa kiwanja kina mwenyewe, si mtu. Akamwahidi chumba katikati ya nyumba, na mtu wa kumtandikia kila siku. Msingi ukakubali. Lakini mtandikaji wa kwanza alikutwa kitandani kwake, shuka limekazwa juu ya uso. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ndiye bibi yangu."

"Alifanyaje?"

"Alingoja yule mwenye kiwanja alale. Akamtandika humohumo. Pande zote nne. Kisha Mwenye Kona akaita waashi siku ileile."

Bi Mkunjo alikuwa akiliona akilini lile shuka la manjano, na brashi za wapaka rangi.

Walimwita mganga, mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa begani, ambaye alipanda ngazi hadi nusu akashuka.

"Siwezi kumfukuza," alisema. "Waganga tunatoa waliovamia. Huyu hakuvamia. Alikaribishwa, akatandikiwa, tena zaidi ya mara moja. Ni mgeni wenu."

"Basi tufanye alivyofanya yule bibi," alisema Bi Mkunjo.

"Utafanya wewe? Maana atamshika anayemtandika. Akitoka kwa binti atakuwa kwako."

"Binti yangu atapona?"

"Maadamu pembe zimekaza, atapona."

Meneja aliambiwa ajenge ukuta tena. Alikuwa amekwisha kuogopa, akampigia Afisa simu mbele yao. Jibu la Afisa lilisikika hata kwa waliosimama mbali: ukuta ule haumo katika mchoro wa asili, na atakayeurudisha atafungiwa hoteli.

"Ukuta uliusaidia mkono wa yule bibi," mganga alisema. "Bila ukuta ni mkono peke yake. Utakuwa unalegea. Itabidi uwe unakaza."

"Kila siku?"

"Kitanda cha hoteli kinatandikwa kila lini?"

Mzee Cherehani alishona shuka la kitambaa kizito cha marekani, mapande mawili, moja juu ya jingine, sindano ikavunjika mara mbili. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hoteli huwa kimya, Bi Mkunjo alipanda. Mganga alimtaka Kasi asimame mlangoni, mgeni amwone, asiseme neno hata litokee nini. Na Bi Mkunjo alikatazwa kugeuka nyuma.

Kitanda kilikuwa kitupu. Alisimama kando yake, shuka mkononi, kama mhudumu anayengoja mgeni amalize kuvua viatu.

"Pumzika, bwana," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mchana ni mrefu. Nikutandikie."

Springi zililia moja moja, kuanzia miguuni, polepole, kama zinavyolia mtu mzito anapojilaza kwa uangalifu, mto ukabonyea, na joto lenye harufu ya pasi lilimpanda usoni hata macho yakatoka machozi. Akalirusha shuka hewani. Pah. Likashuka, na halikushuka sawa, bali lilisimama juu ya kitu ambacho macho hayakukiona, likachora goti, likachora bega, likachora kidevu kilichoelekea dari. Alichomeka miguuni. Akakunja pembe ya kwanza, akakunja ya pili. Akapita ubavuni akisukuma kwa kiganja, huku akihisi kupitia marekani ile nzito kitu kikitetemeka kwa raha, kama paka anayekunwa, kwa maana kilikuwa hakijapata kutandikwa na mkono mzuri namna ile tangu kilipofungiwa. Akavuka upande wa pili. Akafika kichwani, akapitisha shuka juu ya mto, na hapo raha ikakoma. Kitu kilikuwa kimeelewa.

Godoro lilijipinda. Vidole vyake, vilivyokuwa chini kati ya godoro na chuma, vilibanwa hata akasikia kimoja kikilia kama kijiti kinachovunjika, na hakutoa mkono, akaendelea kusukuma, pembe ya tatu ikakunjika, ikabaki moja, na ndipo kutoka chini ya shuka, karibu kabisa na kifundo cha mkono wake, sauti ikasema:

"Shangazi."

Ilikuwa sauti ya Kasi. Si ya Kasi wa sasa. Ya yule mdogo wa zamani, yenye usingizi na kikohozi kidogo ndani yake.

"Shangazi, ni mimi. Umekosea. Umenitandika mimi."

Nyuma yake, mlangoni, hapakuwa na sauti. Hakusikia hata pumzi. Kama Kasi alikuwa pale, alikuwa amenyamaza kama alivyoagizwa. Na kama hakuwa pale, kama alikuwa amechukuliwa na kulazwa chini ya shuka hili wakati macho yamejaa machozi, basi mikono iliyomlea ndiyo iliyokuwa ikimziba pumzi, na hapakuwa na njia ya kujua isipokuwa kugeuka, na kugeuka alikatazwa. Shuka penye uso liliingia ndani, likatoka. Likaingia, likatoka. Ulikuwa mwendo uleule.

"Mwanangu," alinong'ona, na mkono wake ulilegea. Pembe ya tatu ikaanza kufunguka yenyewe.

"Shangazi, unanibana," sauti ililia. "Nilegeze. Nilegeze kidogo tu."

Bi Mkunjo alifumba macho. Kisha alisema, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni bei ya chumba:

"Mtoto wangu hajapata kuniambia nimlegeze."

Akaikaza pembe ya tatu, akaweka goti kwenye chuma, akakunja ya nne na kuichomeka mpaka kwenye kiwiko. Kitanda kilitikisika mara moja, miguu yote ikagonga sakafu, chini sahani zikalia kabatini. Halafu kikatulia. Shuka likanyooka. Palikuwa na kitanda tu, kimetandikwa vizuri, katika chumba kinachonuka chokaa.

Aligeuka. Kasi alikuwa pale mlangoni, viganja vyote viwili mdomoni, na damu ilikuwa ikimtoka mahali alipojiuma ili asiseme.

Hoteli ilifunguliwa baada ya mvua. Chumba cha ndani ya ukuta kilizungushiwa kamba, na Afisa aliwaleta wageni wake kukitazama. Wengi walisifu kitanda. Meneja aliwaambia kwamba msimamizi wake hamwachii mtu mwingine akiguse, kwamba ana wivu nacho kuliko mke mkubwa, nao walicheka. Kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Mkunjo alipanda peke yake. Kila asubuhi alikuta pembe moja imelegea, wakati mwingine mbili, na akazikaza kwa mkono wenye kidole kilichopinda. Alifanya hivyo akiwa na homa. Alifanya hivyo siku ya maziko ya Mzee Cherehani, akachelewa kaburini.

Kasi alipona. Hakutandika kitanda cha mtu tena; alijifunza kupika mikate, akaolewa na dereva wa malori, wakahamia mji wa mbali, akapata mtoto wa kike. Alipiga simu kila Jumapili.

"Shangazi, lini utakuja? Mjukuu wako anakusikia kwenye simu tu, anadhani wewe ni redio."

"Nikipata likizo, mwanangu."

"Kila siku likizo! Umezeeka, hoteli haitaanguka ukiiacha wiki moja. Fundisha mtu."

"Kazi hii haifundishiki."

"Si ulinifundisha mimi?"

"Ndiyo maana," alisema Bi Mkunjo, akabadili mazungumzo, akauliza habari za mtoto.

Jumapili iliyopita Kasi alimwambia kwamba mtoto ameanza ujanja. Halali mpaka achomekwe shuka pande zote, na kila akimaliza kuchomekwa anadai akazwe zaidi. "Nimekukumbuka wewe," Kasi alisema, akicheka. Bi Mkunjo naye alicheka. Kisha akamwambia, kwa sauti ya kazini, kwamba mtoto alale na kanga nyepesi tu, na isichomekwe popote, na Kasi alipouliza kwa nini alisema ni kwa sababu ya joto.

Bi Mkunjo amefariki dunia leo alfajiri, chumbani kwake uani, kabla ya kwenda kazini.